Abiria na Mwenyeji Wake Angani

Wahenga walisema kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Msemo huu ni wa kweli, lakini siku hizi umekuwa udhuru mikononi mwa wachukuzi. Mwenye basi aliyejaza watu mpaka mlangoni huutamka akicheka. Mwenye mashua iliyochelewa huutamka akitazama mawingu. Na mwenye ndege, ambaye hakujifunza methali zetu, huutenda bila ya kuutamka. Lakini wahenga hawakumwambia mchukuzi amfanye msafiri kuwa maskini. Walimwambia mwenyeji kwamba yule asimamaye mlangoni pake, awe na joho la hariri au shuka moja, hana chake mahali pale. Hajui kisima kilipo wala choo kilipo, na kwa hiyo anastahili kuonyeshwa. Katika insha hii nataka kuipima safari moja ya ndege kwa maana hiyo ya asili ya methali.

Safari yenyewe ilikuwa ya shangazi yangu, ambaye maisha yake yote ameyapitisha Karungu, katika Kaunti ya Migori, akinunua omena kwa wavuvi wa Sori na kuziuza katika masoko ya bara. Ni mwanamke aliyezoea kusafiri. Amelala juu ya magunia ndani ya malori, amevuka ziwa katika mashua zilizokuwa zikikaushwa maji kwa makopo, na amekwenda kutoka Migori hadi Rongo amejikunja katika matatu ambayo sheria iliipa abiria kumi na wanne tu. Sisemi hivi kwa kumsifu, ila msomaji asije akadhani kwamba nitakayoyaeleza ni manung'uniko ya mtu laini. Binti yake aishiye Marekani alijifungua mtoto wa kwanza, akamwomba mama yake aende kumsaidia kulea. Na kwa kuwa mimi, mwalimu wa Homa Bay, nilikuwa nimekwisha panda ndege mara mbili, ukoo uliamua kwamba nimsindikize.

Shirika lililotuchukua sitalitaja, wala mji tulimobadilia ndege, maana ukitajwa mji shirika litajulikana. Halikuwa shirika la nchi yetu, na sidhani kwamba ni baya kuliko mengine. Kama lingalikuwa baya kuliko yote, ningalinyamaza, nikawashauri jamaa zangu waliepuke, na mambo yangalikwisha. Naandika kwa sababu lilikuwa la kawaida.

Tulitoka Homa Bay kwa basi la usiku. Mhakiki mwenye haki huanzia nyumbani, kwa hiyo nitasema wazi kwamba basi lile lilikuwa bovu. Kiti cha shangazi kilichanika na chuma chake kikichungulia. Dirisha halikufunga, na baridi ya Kisii iliingia kama mwenye nyumba. Redio ilipigwa kwa sauti ya kuamsha wafu. Lakini usiku wa manane, tulipofika Narok, kondakta alisimama katikati ya gari, akasema kwa Kiswahili na tena kwa Kijaluo kwamba tulikuwa na dakika ishirini. Kwamba choo kilikuwa nyuma ya duka, mkono wa kulia. Kwamba chai ya pale ilikuwa njema lakini nyama tusiinunue. Kisha akasimama mlangoni na kuwashika mikono wazee.

"Polepole, mama," alimwambia shangazi, "ngazi ya mwisho iko mbali na ardhi."

Naomba msomaji amkumbuke kijana yule, mwenye koti lililofifia na meno ya miraa, maana nitamrudia.

Katika kiwanja cha ndege cha Nairobi tuligundua kwamba tumetenganishwa. Kiti changu kilikuwa katika safu ya 27, cha shangazi katika safu ya 41, katikati ya watu wawili wasiojulikana. Nilimweleza karani kwamba bibi huyu hajapata kupanda ndege na hajui Kiingereza. Akanijibu kwamba jambo hilo litatengenezwa ndani ya ndege. Ndani ya ndege nikaambiwa kwamba jambo hilo lingalipaswa kutengenezwa kwa karani. Nilikwenda na kurudi katika njia ile nyembamba ya katikati mara tatu, nikiwasumbua watu waliokuwa wakipandisha mizigo yao, mpaka nikaamriwa kuketi. Basi nikaketi. Ndege nayo ikaketi, saa mbili u nusu, pale pale chini, milango imefungwa. Rubani alisema neno mara moja, kwa lugha mbili, kupitia kipaza sauti kilichokwaruza kama sufuria. Neno lenyewe lilikuwa kwamba tutachelewa, jambo ambalo kila mmoja wetu alikuwa amekwisha liona.

Hiyo ilikuwa ndege ya kwanza, ya saa tano. Katika mji wa kubadilia, kiti cha magurudumu alichokiagiza binti yake hakikuonekana, tukatembea kwa miguu mwendo mrefu. Ya pili ilikuwa ya saa kumi na nne, nasi tukatenganishwa tena vile vile, safu zile zile.

Hapa yafaa nitenge mambo. Uhakiki wa safari, kama uhakiki wa kitabu, huharibika mhakiki anapochanganya makosa ya mwandishi na makosa ya mpiga chapa. Yako mateso ya angani ambayo hakuna wa kulaumiwa kwa ajili yake. Ndege ya masafa marefu huruka juu mno, mahali ambapo binadamu hawezi kuvuta pumzi akaishi. Kwa hiyo hewa hushindiliwa ndani yake, lakini haishindiliwi ikawa nzito kama ile ya nchi tambarare. Kanuni zinaruhusu iwe nyepesi kama hewa ya mlimani, kwenye kimo cha mita 2,400 hivi, zaidi ya mara mbili ya kimo cha ziwa letu. Tena hewa hiyo ni kavu kuliko hewa ya jangwa nyingi. Ndiyo sababu midomo hupasuka, macho huwasha, na ulimi hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kuonja chumvi na sukari, hata mpishi hodari akaonekana mzembe. Ukiketi saa nyingi bila ya kusimama, damu hutuama miguuni na miguu huvimba. Mambo haya ni ya maumbile, na kumlaumu mhudumu kwa ajili yake ni sawa na kumlaumu nahodha wa mashua kwa ajili ya mawimbi.

Kisha yako mateso yaliyonunuliwa kwa fedha, na haya nayo yanataka kupimwa kwa uangalifu. Watu wa ziwa wana haki ya kulizungumza jambo hili, maana ndege za masafa marefu zilipita kwao mapema. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilifungua njia ya kutoka London hadi Mwanza, na Kisumu kilikuwa kituo kimojawapo. Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa za kutua majini, zilizotoka Southampton hadi Durban na kupumzika katika Ghuba ya Winam. Ndani ya chombo kile abiria hawakuzidi 24. Walikuwa na nafasi ya kusimama na kutembea, wakitazama nje madirishani; na giza lilipoingia chombo kilitia nanga, nao wakaenda kulala kitandani, hotelini. Safari ilichukua siku kadhaa. Wako watu watazamao picha za ndege zile kwa husuda, wakisema kwamba hapo kale usafiri ulikuwa na heshima. Mimi sizionei husuda. Mtu wa Karungu au wa Homa Bay, katika miaka ile, nafasi yake ilikuwa ufukoni, kiganja juu ya macho, akiitazama ndege ikipita. Starehe ile ilinunuliwa kwa kuwaacha nje watu karibu wote wa dunia.

Mwaka 1952, mwaka ule ule ambao ndege ya jeti iitwayo Comet ilianza kuchukua abiria kati ya London na Johannesburg, ikitua Entebbe ng'ambo ya ziwa letu, mashirika yalianzisha daraja la bei ya chini katika njia ya baina ya Ulaya na Marekani. Mwaka 1958 yakaongeza lingine la chini zaidi. Viti vikasogezwa, nauli zikashuka. Leo, katika ndege nyingi, kutoka mgongo wa kiti mpaka mgongo wa kiti cha mbele ni inchi 30 hadi 32. Mwanafunzi aliyeketi watatu katika dawati la wawili anaweza kujikadiria mwenyewe. Lakini ni inchi hizo chache zilizomwezesha binti wa muuza omena kumlipia mama yake nauli. Aliyenunua kiti chembamba na akapewa kiti chembamba hakudhulumiwa. Ikiwa mgongo wa kiti haulali, na kile cha shangazi hakikulala, hapo amedhulumiwa kidogo. Lakini hata hilo tuliache.

Linalobaki, baada ya kuondoa yale ya maumbile na yale ya bei, ndilo lipasalo kuitwa huduma. Nalo halikugharimu senti moja.

Chakula kilipofika safu ya 41, kuku walikuwa wamekwisha. Si kosa kubwa. Hata katika arusi za Karungu nyama huisha. Lakini mwenye arusi wa Karungu husema: "Tuwieni radhi, nyama imekwisha, mtapata samaki." Shangazi aliulizwa swali kwa Kiingereza cha haraka; hakulifahamu; akawekewa sinia yenye tambi baridi zilizofunikwa kwa karatasi ya bati, na gari la chakula likaendelea. Hakuionyeshwa jinsi ya kuifungua. Aliiweka magotini saa nzima, kwa kuwa hakujua kwamba meza imefichwa katika mgongo wa kiti cha mbele, akidhani kwamba kila mtu amekuja na meza yake. Alipotaka maji ya kunywa hakujua kwamba iko kengele ya kuitia.

Nisamehewe na wasomaji wachanga kwa kutaja choo katika insha. Lakini sehemu kubwa ya heshima ya binadamu huhifadhiwa kwa mlango wa choo, na anayeona haya kuutaja huwaachia wengine kuona haya zaidi. Mlango wa choo cha ndege, katika ndege nyingi, haufunguki kama milango mingine. Haukuvutwi wala hausukumwi pembeni. Hukunjika katikati, kama kitabu. Shangazi alikwenda nyuma, akasimama mbele ya mlango ule. Akauvuta, haukuja. Akausukuma ukingoni, haukwenda. Wakati huo ndege ikaanza kutikisika na taa za mikanda zikawaka. Mhudumu aliyekuwa akipita na gari lake akamwashiria kwa mkono arudi kuketi. Akarudi. Wanaume wawili waliokuwa pande zake walisimama kumpisha kwa mara ya pili, mmoja akiguna. Tangu hapo aliazimu asiinuke tena, na ili asihitaji kuinuka, aliazimu asinywe maji.

Mimi nilimtembelea mara mbili. Mara zote mbili nilimwuliza hali, naye akanijibu, "Niko salama, mwanangu, rudi ukapumzike." Wanafunzi wa ukoo wetu watafahamu kwa nini alijibu hivyo, shangazi hawezi kumweleza mwana wa kaka yake jambo kama lile mbele ya wanaume wageni. Nilipaswa kufahamu bila ya kuelezwa. Sikufahamu. Nilirudi safu ya 27 nikatazama picha za sinema, na katika hesabu ya makosa ya usiku ule siwezi kujiondoa.

Saa tatu kabla ya kufika, mhudumu mmoja kijana, ambaye sikumwona mbele yake usiku ule, alipita akakusanya vikombe. Akaona kwamba kikombe cha bibi huyu kilikuwa kikavu tangu mwanzo. Alisimama. Akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na uso wa shangazi, akamwonyesha maji kwa ishara, na shangazi akatikisa kichwa. Kijana yule alitazama miguu yake, akaelewa. Akampa mkono, akamwongoza nyuma, akasukuma mlango katikati, akangoja nje. Hawakuwa na lugha moja hata neno. Yote yalimalizika katika dakika nne.

Dakika nne! Naliandika jambo hili kwa sababu wakubwa wa mashirika, wakilaumiwa, husema kwamba wahudumu ni wachache na kazi ni nyingi. Ni kweli. Sheria za nchi nyingi hutaka mhudumu mmoja kwa kila viti 50, na hesabu hiyo iliwekwa kwa ajili ya kuwaokoa watu wakati wa ajali, si kwa ajili ya kugawa chai. Mhudumu wa safu ya 41 amekuwa macho usiku kucha, amesukuma gari zito, ametukanwa kwa lugha tatu. Sina neno juu yake. Neno langu ni juu ya wale waliomfundisha kazi wakamwonyesha jinsi ya kuuza manukato angani, wasimwonyeshe jinsi ya kumtambua mtu ambaye hajapata kupanda ndege. Na kazi hii haikuanza hivyo. Mwanamke wa kwanza kuwahudumia abiria wa ndege, Ellen Church wa Marekani, aliyeanza mwaka 1930, alikuwa muuguzi. Na wenzake wa kwanza walikuwa wauguzi vile vile, maana ilionekana kwamba mtu aliye angani ana hofu, na mwenye hofu anataka kutazamwa na mtu ajuaye kutazama.

Tulipotua, viatu vya shangazi havikumwingia. Vilikuwa viatu vyeusi vya ngozi, vipya, alivyovinunua Homa Bay kwa ajili ya safari hii tu, ili asimwaibishe mkwewe. Kiti cha magurudumu hapa nacho hakikuwako. Aliingia Marekani miguu mitupu, viatu mkononi, akitembea polepole katika ukumbi mrefu wa marumaru, na mimi nyuma yake nikibeba pasipoti zetu. Binti yake alipomwona alilia. Mama yake akadhani kwamba analia kwa furaha.

Siku chache baadaye, miguu ilipopungua, nilimwuliza ni safari gani iliyompendeza kupita zote katika maisha yake. Sikutazamia jibu alilonipa. Alisema ni ile ya meli, alipokuwa msichana, kutoka Homa Bay hadi Kisumu. Meli za Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki zilikuwa zikizunguka ziwa, zikipita Homa Bay na Kendu Bay, na mwaka 1961 meli mpya iliyoitwa Victoria iliongezwa katika kundi lao. Yeye alisafiri katika daraja la tatu. Daraja la tatu lilikuwa sitaha tupu. Abiria walilala juu ya mbao, katikati ya kuku na mikungu ya ndizi, na umande ukiwashukia. Nilimwambia kwamba hiyo haiwezi kuwa starehe.

"Nani kasema starehe?" alinijibu. "Nililala juu ya mbao. Lakini baharia alipita na taa, akatuambia: hii ni Kendu, sasa tunaondoka, mwanga ule mnaouona ni Kisumu. Nilijua nilipo."

Sijui kama mhakiki yeyote wa mambo ya usafiri amepata kusema neno lililo bora kuliko hilo. Katika ndege ile palikuwa na kioo mbele ya kila kiti, kilichoweza kuonyesha ramani ya dunia na ndege ndogo ikisogea juu yake. Kioo cha shangazi kilikuwa kimeharibika. Alipita juu ya bahari kubwa bila ya kuambiwa kwamba chini yake palikuwa na bahari.

Limebaki jambo la mzigo. Sanduku lake la pili, lenye omena zilizokaangwa, unga wa mtama, na shuka alilomfumia mjukuu, halikufika. Kupotea kwa mzigo ni hadithi ya zamani, na iko hadithi moja inayojulikana kwetu. Barack Obama, ambaye babu yake, Hussein Onyango, alitoka karibu na Kendu Bay, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Homa Bay, kabla ya kuhamia Alego, alisimulia katika kitabu chake Dreams from My Father, kilichotolewa mwaka 1995, jinsi alivyofika Nairobi kwa mara ya kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1980, mzigo wake usionekane. Ulikuwa umepelekwa Johannesburg kwa makosa. Mfanyakazi mmoja wa uwanjani, aliposoma jina lake, alimwuliza kama ana ujamaa na Daktari Obama aliyekuwa akijulikana. Mwandishi aliguswa sana: kwa mara ya kwanza alikuwa mahali ambapo jina lake lilikuwa na historia, wala hakulazimika kulitamka herufi kwa herufi.

Kipande hicho kinapendeza, na kimesomwa na watu wengi. Lakini mimi, kila nikikisoma, huwaza habari za abiria aliyekuwa nyuma ya Obama katika mstari ule, naye mzigo wake umepotea, na baba yake hajulikani na mtu yeyote. Furaha ya kutambuliwa kwa jina ni furaha ya kweli; lakini huduma itegemeayo jina ni hisani, na hisani inaweza kunyimwa. Tunaijua sana hisani hii sisi wenyewe. Nenda katika afisi yoyote ya Migori au Homa Bay ukatazame ni nani anayeitwa kutoka katika mstari akaingia mlango wa pembeni. Hatuna haki ya kuwacheka wageni kwa jambo hilo.

Haki, tofauti na hisani, imeandikwa. Mapatano ya Montreal ya mwaka 1999, ambayo Kenya ni mmojawapo wa washiriki wake, yanasema kwamba mchukuzi hulipa kwa mzigo uliopotea au uliochelewa, mpaka kiasi kilichowekwa. Kwamba mzigo usiofika kwa siku 21 mwenyewe anaweza kudai haki zake kama uliopotea. Na kwamba mwenye mzigo ulioharibika hana budi kulalamika kwa maandishi katika muda wa siku saba tangu aupokee, au siku 21 ikiwa uliletwa kwa kuchelewa. Siku hizi zinafaa kukaririwa, maana hakuna karani aliyetutajia hata moja. Sanduku la shangazi lililetwa siku ya nane. Omena zilikuwa zimetupwa. Shuka lilikuwamo.

Basi nikaandika barua kwa shirika. Niliuliza maswali manne: kwa nini bibi mzee asiyejua lugha alitengwa na msindikizaji wake mara mbili, kwa nini kiti cha magurudumu hakikuletwa, kwa nini hakuna aliyemwonyesha vyombo vya mahali alipoketi, na nani atalipa omena. Jibu lilikuja baada ya wiki tano, kwenye karatasi nzuri. Waliniita mgeni wao mpendwa. Walisikitika kusikia kwamba safari yangu haikufikia matarajio yangu. Walinihakikishia kwamba starehe ya wageni ni jambo la kwanza kwao, na kwa sababu hiyo walinipa punguzo la nauli, ikiwa nitasafiri nao tena kabla ya mwaka kwisha.

Niliichukua barua ile darasani, Kidato cha Tatu, nikawapa wanafunzi kazi ya kutafuta mtenda katika kila sentensi. Hawakumpata. Hakuna aliyewatenga watu, hakuna aliyesahau kiti, hakuna aliyetupa omena. Katika barua nzima kilichofanya kosa ni kimoja tu, nacho ni matarajio yangu, ambayo yalisimama juu mno hata safari isiyafikie. Mvulana mmoja alisema kwamba punguzo lile ni sawa na mtu aliyekukanyaga mguu akupe nafasi ya kukanyagwa tena kwa bei ndogo. Nilimpa alama zote. Kisha msichana mmoja, mkimya, ambaye baba yake ana matatu ya kwenda Rongo, aliuliza kama kondakta wa basi letu la usiku angaliweza kuandika barua kama ile. Tulikubaliana kwamba hangaliweza. Angalitukana, au angaliomba radhi. Na katika yote mawili angalisema "mimi".

Shangazi alirudi baada ya miezi sita, peke yake, maana fedha za nauli ya mtu wa pili hazikupatikana. Nilikwenda Nairobi kumpokea nikiwa na hofu nyingi. Alitoka na viatu vyake vyeusi miguuni. Nilimwuliza habari za safari, naye alinieleza kwa ufupi: kuku waliisha tena, kiti kililala safari hii, mtoto wa watu alilia usiku kucha. Kando yake alipewa mama mmoja wa Kuria, mzee kuliko yeye, aliyekuwa akirudi kutoka kwa mwanawe. Na katika mazungumzo, kwa Kiswahili chao cha sokoni, mama huyo alimnong'oneza kwamba wakati wa kwenda hakuinuka kitini hata mara moja.

"Ukafanya nini?" nilimwuliza.

"Nilimchukua kabla ndege haijaruka," alisema shangazi. "Nikamwonyesha: unasukuma hapa, katikati."